Usiniketishe Bado

Alunguli, Kindu, siku moja kabla ya safari yako

Amisi, mwanangu, uliyebeba jina la baba yangu,

Barua hii umeikuta ndani ya kiatu chako cha kulia, na najua umekwisha kunung'unika. Ningeiweka juu ya sanduku, ungesema utaisoma kwenye treni. Ningeiweka mezani, ungetua kikombe cha chai juu yake. Lakini bila viatu hutoki, na mimi nataka uisome hapa hapa nyumbani, kabla hatujashika njia ya kivukoni, kwa sababu mwishoni nina ombi moja na ombi lenyewe ni la asubuhi hii. Kaa kitandani usome bila haraka. Treni hatuikosi, mara nyingi sisi ndio tunaoingoja.

Naandika jua likiwa bado juu. Baba yako yuko kwa jirani, anacheza bao la kisolo na kudai kwamba anashinda. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu karibu na jiko, karatasi nimeiweka juu ya ungo niliougeuza. Ukiona herufi zimelala upande, usicheke, au cheka kidogo tu. Katika chuo cha Kurani nilifundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Hizi za shuleni nimejifunza nikiwa mtu mzima, kwa ubao wako wa darasa la kwanza, na mwalimu wangu ulikuwa wewe. Ulikuwa mkali sana. Uliniambia "b" yangu ina tumbo mgongoni.

Sitaandika habari za nguo, wala za pesa, wala za kuchemsha maji. Hayo nimekuambia kwa mdomo wiki nzima, mpaka ukaanza kuitikia kabla sijamaliza. Nataka kuandika habari za kichwa. Sisemi kichwa cha kubebea mzigo, ingawa hicho nacho kitakuja. Nasema kilichomo ndani yake. Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ni kweli, lakini nywele hata ukilala zinaota zenyewe. Akili sivyo ilivyo, na hilo nimelijifunza katika nyumba hii hii, kwa watu ninaowapenda, na kwa kichwa changu mwenyewe.

Tuanze na kiti, kwa sababu kiti ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Siku ile ulipovuka mto nacho, nilisikia sauti yako barazani, nikatoka na mikono yenye unga. Ulikuwa umekishusha mbele ya watu wote wa njia yetu: kiti cha kuegemea cha fito za kekele, kirefu, chenye mahali pa kulaza mikono, kama vile vya wakubwa. Jirani yetu Mama Zaina alipiga vigelegele kabla hajajua ni cha nani. Ukasema kwa sauti yako ya darasani:

"Mama, toka leo kazi yako njo imekwisha. Nimesema na ndugu zetu wa Kailo. Sakina atakuja, yeye njo atapika, atachota maji, atauza mikate kule soko. Weye ukae tu hapa, upate upepo. Muntu mwenye mutoto mwalimu, haifai abebe beseni."

Mimi nikasema, "Aksanti, baba. Mungu akuzidishie." Nikakaa, watu wakapiga makofi, na wewe macho yako yakalowa. Nilifurahi, Amisi. Usije ukafikiri nilikuwa nacheza mchezo. Mama gani hafurahi mtoto wake akimkumbuka kwa malipo ya kutangulizwa ya kazi yake mpya ya ualimu huko Lubumbashi? Lakini kulikuwa na neno kifuani, na neno lile sikuweza kulitoa mbele ya watu, kwa sababu mtoto aliyeleta zawadi haaibishwi barazani.

Neno lenyewe ni hili: nakiogopa kile kiti.

Si kwamba ni kibaya. Nimekikalia kila alasiri tangu siku ile, na nakuambia kweli, ni kitamu. Mgongo wangu unakisifu. Unakaa, unaangalia wanaopita, macho yanakuwa mazito, na ukizinduka jua limekwenda zake. Kesho yake unakaa mapema zaidi. Nilipoona hivyo, nikamkumbuka mama yangu.

Ninyi wajukuu mlimwita Koko. Wewe unamkumbuka akiwa amekaa, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mimi sikumjua mtu aliyekaa. Nilimjua mlimaji wa mpunga wa upande wa Kailo, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, anayejua kila shamba la jirani lilipandwa lini na kila mtoto alizaliwa katika mvua gani. Akija mjini kuuza mchele alikuwa akipima kwa bakuli huku anazungumza na wanunuzi watatu kwa mara moja, na hakuwahi kuchanganya mgonjwa wa huyu na harusi ya yule. Ulikuwa ukimdanganya kidogo, anakukumbusha ulichosema mwaka juzi.

Baba yangu alipofariki, tulimleta hapa Alunguli. Unajua desturi yetu. Mama wa watu wazima akionekana na mchi mkononi, watu hawamuulizi yeye, wanauliza watoto wake wako wapi. Kwa hiyo tulimtandikia mkeka barazani, mto wa kuegemea, birika la maji pembeni. Akishika ungo, namnyang'anya. Akitaka kwenda kisimani, dada zako wanambembeleza arudi. Hata ukuni mmoja hatukumwacha ausogeze. "Koko, acha," tulimwambia, "uko na watoto." Mwanzoni alibisha. Alisema mikono yake inamwasha. Tukacheka, tukamletea chai.

Na watu walitusifu mno. Wakipita walisema wale watoto wanamheshimu mama yao, na mimi shingo yangu ilirefuka.

Halafu akaanza kulala mchana na kukesha usiku. Halafu akawa anauliza jambo moja asubuhi, na mchana, na jioni. Halafu yakaanza kupotea majina. Wewe alikuita kwa jina la mjomba wako, na wewe ulikuwa mtoto mwema, uliitikia. Siku moja akamwomba Mama Zaina ampeleke kwao kwa mama yake. Sisi tulisema ni uzee, ndivyo wazee walivyo, tukamwongezea mto mwingine ili akae vizuri zaidi.

Kisha ikaja mvua ile ambayo homa ilitulaza nyumba nzima. Labda unakumbuka, ulilala kwenye mkeka karibu na mlango na kuongea na mbuzi asiyekuwepo. Baba yako chini, mimi chini, dada zako chini. Hakukuwa na mtu wa kuchota hata maji. Nilikuwa natetemeka, nasikia kwa mbali mtu anavunja kuni. Nikafikiri ni mwizi, na sikuwa na nguvu hata ya kumkemea. Alikuwa ni Koko. Aliwasha moto, akapika uji wa mchele, akapita kwa kila mmoja na kikombe.

"Amisi, kunywa," alikuambia. Kwa jina lako. "Mutoto wa kiume halii sababu ya homa. Kunywa, nitakupa na sukari."

Halafu akaja kwangu, akanishika paji la uso, akasema, "Weye ulikuwa vile vile ulipokuwa mudogo. Homa ikikuja, unanuna."

Alituuguza wote mpaka tukasimama. Alikwenda mwenyewe kwa jirani kuomba ndimu, na akarudi na habari zote za jirani. Na sisi tulipopona tulifanya nini? Tulimbusu mikono, tukamshukuru, baba yako akamnunulia mkeka mpya, na tukamrudisha kukaa juu yake. Hata leo nikilikumbuka najicheka kwanza, halafu najisikitikia. Kabla mvua hazijakwisha alikuwa amekwisha kulisahau jina langu.

Aliyetufumbua macho ni Mama mdogo Tabu, mdogo wake Koko, alipokuja na treni kutoka Kibombo kututembelea. Huyo si mtu wa kuzunguka. Alikaa siku moja nzima anatazama tunavyomletea Koko hiki na kile. Jioni tulikuwa tunakula, akasukuma sahani yake pembeni.

"Munamuheshimu sana dada yangu," alisema.

"Aksanti, Mama," nikajibu kwa furaha.

"Ngoja, sijamaliza. Munamuheshimu mpaka munamuzika. Muntu eko muzima, na munamufanyia kama vile maiti: analazwa, anafunikwa, anaombewa. Kesho muninyime chakula kama munataka, lakini leo nasema."

Baba yako alitazama taa. Asubuhi yake Mama mdogo Tabu alichukua ungo wenye mchele, akautua kwenye mapaja ya Koko bila kusema neno. Na vidole vya Koko vikaanza. Kokoto huku, pumba kule. Alikuwa haangalii hata. Baada ya muda akasema mchele huu si wa Kailo, ni wa mtu mvivu.

Sitakudanganya, mwanangu. Koko hakurudi kamili. Kilichokwenda mbali hakikurudi, na mpaka mwisho aliwachanganya wafu na wazima na kuwasalimia wote kwa adabu. Lakini alirudi kiasi cha kugombana, na hilo kwangu lilikuwa sikukuu. Alichambua mchele wote wa nyumba hii. Alitembea nami mpaka kivukoni, polepole, akisimama kwa kila mlango. Jumamosi moja, wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, alitoka na jembe lake kwenda kufyeka majani ya barabara pamoja na vijana. Mkuu wa mtaa wetu alikuja mbio nyumbani, jasho linamtoka, koti lake la abakosti limefunguka kifungo.

"Mama Amisi, mutaniletea matatizo. Wazee hawaitwe kwa salongo. Watu watasema minatesa bakoko."

"Umwambie mwenyewe," nikasema.

Alirudi kumwambia. Koko akampa jembe amshikie, akamwuliza babu yake ni nani, na alipotajiwa akamwelezea ukoo wake mpaka kijana wa watu akasahau alichokuja kufanya. Walimwacha afyeke mbele ya nyumba yetu tu. Siku ile ilikuwa nzuri.

Alifariki akiwa amemaliza kula na kuosha mikono. Mchana wake alikuwa ameniita kutoka ndani, kwa jina langu, anionyeshe mjusi.

Sasa umeelewa kwa nini nakitazama kiti chako kwa jicho la pembeni. Nilidhani kumheshimu mtu ni kumwondolea mambo, na nilimwondolea mpaka hakubaki na jambo la kufikiria. Kichwa kisichoulizwa kitu kinalala, na kikilala muda mrefu hakiamki vizuri.

Lakini nisije nikakufanya ufikiri kwamba dawa ni kazi tu, kazi bila kupumua. Huo nao ni ujinga wangu mwingine, na huo unanihusu mimi mwenyewe. Mwaka ulioingia sekondari, nilikuwa nakaanga mikate ya mchele alfajiri, nauza mpaka adhuhuri, nashona nguo za watu mpaka usiku mkubwa. Nilijisifu kwamba mimi usingizi haunipati. Mama Zaina alikuwa akilala, mimi namwita mvivu. Nilianza kutia chumvi mara mbili. Nilianza kuita watoto wote mmoja mmoja mpaka nifike kwa ninayemtaka. Halafu asubuhi moja nikajitwisha beseni, nikafunika vizuri kwa kitambaa, nikashuka mpaka mtoni, nikavuka kwa mtumbwi, nikapanda mpaka soko la mjini. Nikatua beseni, nikafunua kitambaa mbele ya wateja. Beseni lilikuwa tupu. Mikate yote ilikuwa nyumbani, imepangwa mezani kama watoto wa shule wanaongoja bendera.

Mteja mmoja akasema, "Mama, leo unauza harufu?" Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Mama Zaina, yule niliyemwita mvivu, alinishika mkono akanivusha mto, akanilaza kitandani kwake, akanizibia dirisha. Nililala mpaka siku ya pili. Tangu wakati ule nikisikia mtu anajisifu kwamba halali, ninamwonea huruma. Wewe una tabia yangu hiyo. Nakuona na taa yako na madaftari ya wanafunzi. Huko unakokwenda hakuna mama wa kukugongea ukuta uzime taa, kwa hiyo gonga mwenyewe na uzime.

Na baba yako. Hili anajua nitaliandika, nimemwomba ruhusa, akasema niandike na pia kwamba yeye ndiye bingwa wa kisolo wa upande huu wa mto. Alifanya kazi reli miaka mingi karibu na mashine zinazopiga kelele, na sikio lake la kulia lilianza kufa bila kutuaga. Yeye hakusema. Alikuwa anacheka pale wengine wanapocheka. Akiulizwa jambo anasema "njo vile". Watu wakaanza kumwona mwenye kiburi, yeye akaanza kuwaona wapumbavu, na mwishowe akaacha kwenda kwenye kisolo. Alikaa ndani, anatazama ukuta, na mawazo yake yakaanza kwenda polepole. Niliitambua hali hiyo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona Koko. Safari hii sikungoja mtu aje kutoka Kibombo.

"Baba Amisi," nilimwambia, "weye hausikie."

"Nani hasikie?"

"Weye. Nimesema mara tatu chakula iko tayari."

Alikasirika, hakula. Kesho yake akaja mwenyewe jikoni, akasema taratibu kwamba ni kweli, na kwamba aliogopa watu wakijua watamwita mzee. Sasa wachezaji wenzake wote wanakaa upande wa kushoto, upande wa sikio zima, na asiposikia anapiga ubao kwa kidole na kusema, "Rudia." Amerudi mtu yule yule niliyeolewa naye, pamoja na majivuno yake. Kwa hiyo, mwanangu, usione haya kusema "sikusikia", wala "sikuelewa", wala "nimesahau, nikumbushe". Wanaoona haya kuuliza, mimi nimeona mahali wanapoishia, ni peke yao mbele ya ukuta.

Nawe una hatari hiyo, niseme wazi. Wewe ni mtu wa kitabu. Unakula na kitabu, ukiulizwa unajibu "mm", na unaweza kupita mbele ya baraza tano bila kusalimia hata moja. Kitabu ni kizuri, sikukusomesha bure. Lakini kitabu hakikubishii, hakikuulizi mama yako hajambo, hakibadilishi habari katikati. Watu ndio wanaokitoa kichwa jasho. Huko Lubumbashi utakuta Kiswahili chao kinapinda njia nyingine. Usiwacheke na usijifungie, kisikilize mpaka ukiweze. Ukienda kazini kwa mguu, siku nyingine pita njia nyingine. Mimi nina njia tatu za kwenda kivukoni na hakuna siku nimekosa kuona kitu kipya, japokuwa mara nyingi ni mbwa yule yule.

Na kujifunza usiache, hata ukiwa mwalimu. Hasa ukiwa mwalimu. Unakumbuka kila mtaa ulipotakiwa kuwa na kundi la kinamama la kuimba na kucheza nyimbo za chama? Sikuchagua, nilichaguliwa. Nyimbo zenyewe za Kilingala, nusu yake sikuielewa, na miguu inakwenda kushoto huku mikono inakwenda kulia. Nilinuna wiki nzima. Wewe na baba yako mlikaa barazani mnanicheka. Lakini nakuambia, nilikuwa narudi kutoka kwenye mazoezi yale kichwa chepesi, nakumbuka hata mahali nilipoficha kisu kidogo. Maneno ya nyimbo sasa yamenitoka, ila Kilingala kilichobaki kinanitosha kuwauzia askari mikate. Sikupenda sababu ya kucheza, nilipenda kucheza. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na si mabaya yote huzaa mabaya.

Sasa nakuja kwenye mambo yako na yangu.

Sakina aje. Sitamrudisha, ni mtoto wa ndugu yetu na nyumba itakuwa na sauti. Lakini haji kunilaza. Tutakaanga pamoja. Yeye atabeba beseni kubwa, mimi dogo, na siku mvua ikinyesha tutabaki wote. Magoti yangu yanajua umri wao, sishindani nayo. Jioni atanifundisha kusoma zile herufi ndogo za gazeti ambazo wewe ulikata tamaa nazo. Na barua zako nitazijibu mwenyewe, kwa hiyo andika ndefu, na weka humo maswali. Usiniandikie "mimi mzima, hofu kwenu" halafu unyamaze. Niulize mambo magumu. Niulize mpunga umefikia wapi, nani kamwoa nani, kisa cha Koko na mkuu wa mtaa kilikwendaje, nikueleze tena bila kukosea. Nikikosea, nisahihishe kama ulivyosahihisha "b" yangu.

Kiti nacho hakitoki. Nimekwisha kukipangia kazi. Kitakaa mlangoni, upande wa njia, na kila apitaye akichoka atakikalia. Mimi nitakuwa kwenye kigoda changu, nikichambua mchele, na yeye atanilipa kwa habari. Jana wamekwisha kukikalia fundi wa baiskeli na mama mmoja anayetoka Kailo, na sasa najua mambo ambayo wiki iliyopita sikuyajua. Umeninunulia kitu kizuri kuliko ulivyodhani.

Na sasa ombi.

Kikapu cha chakula chako cha njiani nimekifunga. Kuna samaki mkavu, mikate ya mchele, ndizi, na chupa ya mawese kwa mwenye nyumba utakayefikia kwake. Si kizito sana, nimekipima. Sanduku atabeba yule kijana wa kigari. Lakini kikapu, kutoka hapa mpaka kivukoni, na kutoka ng'ambo mpaka stesheni, nataka nikibebe mimi kichwani.

Najua utakavyojisikia. Umevaa abakosti mpya, wewe raia mheshimiwa, sitwayeni mwalimu, mikono mitupu, na mama yako mbele yako na mzigo. Watu wa njia nzima watatoka kukuaga na wataona. Mama Zaina atasema, na hawezi kusema kwa sauti ndogo. Kuna mzee atakayekuuliza kama ulisoma ili mama yako awe punda wako. Mkono wako utatoka wenyewe kunipokonya. Nakuomba uurudishe. Ukinipokonya leo mbele yao, wote watajua kwamba Mama Amisi amekwisha kuketishwa, na kuanzia kesho kila nitakachoshika kuna mtu atakiondoa mkononi mwangu kwa jina lako. Ukiniacha nipite nacho, watasema siku mbili, watachoka, na mimi nitaendelea kuwa mtu.

Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wangu asubuhi hii ni mwepesi kweli. Mzito ni wako, macho ya watu, na hakuna anayeweza kukusaidia kuubeba. Ubebe kwa ajili yangu, kutoka mlangoni mpaka stesheni. Sikuombi zawadi nyingine.

Tembea nyuma yangu polepole. Kila tunayempita, niulize jina lake, na la baba yake, na la mtoto wake wa mwisho. Nitakutajia wote, mmoja mmoja, mpaka treni.

Sasa vaa kiatu, baba. Niko mlangoni, kikapu kimekwisha kupanda kichwani.

Mama